Ina Kilo Ngapi?

"Inchi kumi na nane hizi, bosi. Ukipita nazo Sinza, watu wanageuka."

Hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa kuhusu rimu nne zilizopangwa mbele ya duka moja Kinondoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kawawa. Zilikuwa mpya, nyeusi, zimezungushiwa ukingo wa rangi ya fedha. Kijana wa duka aliipiga moja kofi la mapenzi, kama mtu anayeuza ng'ombe mnadani Pugu. Nikamuuliza, "Ina kilo ngapi?"

Akadhani natania. Akamwita mwenzake: "Njoo umsikie kaka huyu, anataka rimu za kupima kwa kilo." Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikauliza tena. Hakuna aliyejua. Uzito haukuandikwa kwenye boksi, haukuandikwa nyuma ya rimu, na dukani hapakuwa na mizani.

Swali hilo nimeliuliza Kinondoni, Gerezani, Ilala Shaurimoyo na Temeke. Nimetajiwa inchi, rangi, idadi ya tundu, na jina la msanii ambaye eti anazo kama hizo. Kilo, hakuna. Katika jiji hili lote, mtu pekee niliyemkuta akipima rimu kwa mizani ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Makala haya ni ugomvi wangu na hali hiyo. Na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa ni watu wa rika langu, wenye vyeti kama vyangu, ugomvi wenyewe ni wa nyumbani.

Gari langu ni Toyota Altezza, namba C, gia za mkono. Najua mnachofikiria. Mjini Altezza ina jina baya: gari la wahuni, mlio wa ekzosi saa nane za usiku, moshi kwenye mataa. Lakini gari halikuzaliwa na tabia hiyo. Lilitoka Japani mwaka 1998 na likachaguliwa Gari la Mwaka la nchi hiyo kwa msimu wa 1998 hadi 1999. Wahandisi wake waliisogeza injini nyuma ili uzito ugawanyike vizuri kati ya mbele na nyuma. Kwenye toleo la gia sita za mkono, lile la lita mbili, waliweka valvu za titani, madini ghali, ili tu vipande hivyo vidogo ndani ya injini viwe vyepesi na injini izunguke haraka. Fikiria mtu anayehangaika na gramu za valvu. Halafu fikiria sisi, tulionunua gari la mtu huyo likiwa limeshatumika, tukalitundikia kilo ishirini na kitu kwenye miguu.

Dar es Salaam ina bahati ya kuwa na magari haya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Hapa kwetu gari kuukuu linaingia, ilimradi ulipe ushuru zaidi. Ndiyo maana Altezza, Celica, Chaser na Impreza za zamani bado zinaonekana Mwananyamala na Chang'ombe, wakati kwingine zimekuwa za makumbusho. Bahati hiyo tunaitumiaje?

Nitasema mimi niliitumiaje. Mwezi wa pili tangu ninunue gari niliziondoa rimu ilizokuja nazo kutoka Japani, nikamwachia fundi wa matairi kwa bei ya kutupa, nikavalisha inchi kumi na nane mpya. Zilikuwa kopi ya rimu maarufu ya Kijapani. Nilijua ni kopi. Nilijua pia kwamba kwenye picha hakuna atakayejua.

Gari lilibadilika siku ileile na nikajifanya sijaona. Lilichelewa kuondoka kwenye mataa. Usukani ukawa mzito. Kila tuta lilipiga hadi kwenye meno. Kabla ya mwaka kuisha shokapu za mbele zilikuwa zimekwisha, na rimu ya mbele kushoto ilikuwa na ufa. Nikaipeleka ikachomelewa kwa elfu ishirini. Baada ya miezi minne ikapasuka tena, pembeni kidogo ya pale pa mwanzo. Nikairudisha.

Jumapili moja ya masika tulikuwa tunarudi Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, mimi na mdogo wangu wa kike. Kulikuwa na shimo lililojaa maji, nikadhani ni dimbwi tu. Nilisikia sauti kama sahani ya bati inayopigwa ukutani. Rimu ya mbele kushoto ilivunjika palepale pembeni ya mshono, kikatoka kipande cha ukubwa wa kiganja, na tairi likamaliza upepo wote mara moja. Tulikuwa kwenye mwendo wa sitini, si zaidi. Gari lilivutwa kushoto, likapanda ukingo, likasimama kwenye nguzo ya zege. Upande wa kushoto ndipo alipokaa mdogo wangu. Alivunjika mkono, na mpaka leo una vyuma. Angekuwepo bodaboda upande ule, leo ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingekuwa na uso wa kuandika chochote.

Fundi aliyechomelea hakunidanganya. Aliniambia mara zote mbili, "Kaka, hii nakushikizia tu." Mimi ndiye niliyesikia "imepona." Baadaye nilisoma kile ambacho yeye alikuwa anakijua kwa mikono. Aloi ya rimu nyingi hupata nguvu yake kwa kupikwa: rimu ikishatoka kwenye kalibu huingizwa tanurini kwa joto na muda maalumu. Moto wa kuchomelea huifuta kazi hiyo katika eneo linalozunguka mshono. Kwa macho mshono unaonekana imara kuliko rimu yenyewe. Pembeni yake chuma kimelainika, na hapo ndipo ufa unaofuata huanzia. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Baada ya hapo nilibaki na rimu tatu za kopi na gari lisilo na mguu mmoja. Nikazipakia kwenye bajaji, nikazipeleka kwa mzee mmoja anayenunua vyuma chakavu huko Temeke, upande wa Tandika. Nilitaka tu zitoke nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unauza au unanunua?"

Nikamwonyesha. Alichukua mizani yake ya kuning'iniza, ile ya ndoano, akaitundika rimu ya kwanza kwenye mti. Mshale ukaganda karibu na kumi na mbili. "Nzito hii," akasema kwa furaha, maana kwake nzito ni nzuri. Wakati anapima ya pili nikaona nyuma yake, katikati ya sufuria zilizotoboka na vichwa vya injini, rimu tatu za zamani, nyeupe zilizofifia, inchi kumi na sita, tundu tano. Nikanyanyua moja kwa mkono mmoja. Niliinyanyua kwa nguvu niliyoizoea, nusura inipige kidevu.

"Hiyo haina kilo," mzee akasema kwa huruma, kama anayeniomba radhi. Tukaitundika. Ilikuwa sita na kidogo.

Nilisimama pale muda mrefu. Moja ilikuwa karibu nusu ya nyingine. Ile nzito ilikuwa imekaa dukani chini ya taa, na ile nyepesi ilikuwa inasubiri kuyeyushwa. Huko mwisho wa safari aluminiamu haibagui: rimu iliyofinyangwa Japani kwa mashine ya kukandamiza kwa maelfu ya tani huingia kwenye moto mmoja na kopi yake, zikatoka sufuria za kupikia ubwabwa wa shughuli.

Nilisoma PCM. Kidato cha tano na cha sita nilichora rimu kwenye daftari, mduara na mshale, nikakokotoa nishati ya kitu kinachozunguka, nikapata alama nzuri. Swali lile linasema hivi: kitu kinachobiringika hubeba nishati mara mbili, moja ya kwenda mbele na moja ya kuzunguka. Kama uzito wote umekaa kwenye ukingo wa duara, nishati ya kuzunguka inalingana kabisa na ile ya kwenda mbele. Maana yake ni kwamba kilo moja iliyoongezwa kwenye ukingo wa gurudumu humgharimu injini sawa na kilo mbili zilizowekwa kwenye buti, kila unapotaka kuongeza mwendo. Uzito wa rimu hauko wote ukingoni, kwa hiyo hesabu halisi iko kati ya moja na mbili. Chukua tofauti niliyoiona kwa mzee, karibu kilo sita kwa kila gurudumu, zidisha kwa nne. Kila mara unapoondoka kwenye mataa unavuta mzigo unaoelekea uzito wa mfuko wa saruji, na ukikanyaga breki unausimamisha tena.

Hilo ni la injini na breki. La barabara ni zito zaidi. Gari limekaa juu ya springi, lakini gurudumu liko chini yake. Likigonga tuta, shokapu ndiyo inayolituliza na kulirudisha chini lishike lami. Gurudumu likiwa zito, shokapu hushindwa: tairi hurukaruka, na tairi lililo hewani haliwezi kukata kona wala kufunga breki. Kimbia ukiwa umevaa raba, halafu kimbia ukiwa umevaa buti la mvua lililojaa tope. Mguu ni wako uleule, lakini hautaenda pale unapoutaka.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani siku nanunua zile kopi. Niliyaacha kwenye karatasi ya mtihani. Ndiyo maana nasema ugomvi huu si na wauzaji. Muuzaji anauza kinachoulizwa, na sisi tuliosoma tunaenda pale kuuliza inchi. Wazee wa pwani wana msemo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi angalau hukaa mezani. Rimu ya namna hiyo humbeba mtoto wa mtu.

Nimeshajibizana na wengi kuhusu hili, na majibu yao ni matatu.

La kwanza: "Barabara zetu haziruhusu rimu nyepesi, zitavunjika." Hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana linadumu. Rimu nyepesi iliyomiminwa kwa ubahili itavunjika, na rimu iliyobuniwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano tu haina kazi Mbagala. Lakini wepesi wenyewe si udhaifu. Rimu ya kufinyanga haimiminwi kama uji kwenye kalibu. Bonge la aluminiamu hukandamizwa mpaka chembe zake zinashikana na kufuata umbo. Ndiyo maana hutosha chuma kidogo kwa nguvu ileile. Kampuni ya RAYS ya Osaka ilitoa rimu iitwayo TE37 mwaka 1996, na namba 37 kwenye jina inatokana na kilo 3.7, uzito wa ile ya inchi kumi na tano. Wao waliiita rimu kwa kilo zake. Sisi tumenakili umbo la mikono yake sita na kuacha kitu pekee kilichoipa jina.

Na kuhusu barabara mbaya, wazazi wetu waliliona jibu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope ambalo leo tumelisahau. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alizishinda mwaka 1966 na tena 1967. Gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari la familia, lenye rimu ndogo na matairi yenye mashavu marefu. Alilivisha gari viatu vya barabara anayopita, na barabara ile ilikuwa mbovu kuliko yetu.

Hesabu ni rahisi. Altezza ya aina yangu ilitoka kiwandani na tairi la 215/45 la inchi kumi na saba, lenye shavu la karibu milimita 97. Ukipanda kumi na nane kwa 215/40, shavu linabaki milimita 86. Ukishuka kumi na sita kwa 205/55, shavu linakuwa karibu milimita 113, na kimo cha gurudumu zima hakibadiliki kwa zaidi ya milimita chache. Kati ya kumi na nane na kumi na sita kuna karibu sentimita tatu za mpira na upepo zinazosimama kati ya shimo na rimu yako. Kwa hiyo anayesema barabara ni mbaya asiniambie ndiyo maana amepanda inchi. Barabara mbaya ni sababu ya kushuka.

La pili: "Rimu orijino ni za matajiri." Mpya, ndiyo, na mimi sina hela hiyo. Lakini zilizotumika zinaingia na magari na makontena ya spea, na kwa kuwa hakuna anayeuliza uzito, bei yake hufuata mng'ao. Iliyofifia inauzwa chini ya kopi mpya. Zangu tatu nilizilipia kwa bei ya kilo ya aluminiamu na soda mbili. Ukiweka upande wa pili gharama zangu za kopi, yaani rimu zenyewe, kuchomelea mara mbili, shokapu, bampa, na mkono wa mdogo wangu, utajua ni rimu gani zilikuwa za matajiri.

Usalama wa kilichotumika ni jambo la haki kuuliza, na linapimika. Geuza rimu utazame nyuma. Rimu ya maana ina upana, ofseti na mara nyingi uzito inaoruhusiwa kubeba. Za Japani huwa na herufi JWL, kiwango cha nchi hiyo cha rimu za aloi, ambacho kinadai zijaribiwe kwa kupindwa, kuzungushwa chini ya mzigo na kugongwa. Pengine na VIA, ishara kwamba zimesajiliwa na chombo kingine kisicho kiwanda. Lakini herufi ni herufi. Aliyeweza kunakili rimu nzima hashindwi na herufi tatu. Kwa hiyo usiishie hapo. Isafishe kabisa, ipake mafuta ya taa mbele na nyuma, iache yapenye, ifute ikauke, kisha ipake chaki nyeupe iliyosagwa. Penye ufa mafuta hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Baadaye ipeleke kwenye mashine ya balansi izungushwe uone kama imepinda. Hakikisha inapita juu ya kalipa za breki. Iliyochomelewa iache, hata kwa bure. Kazi yote hiyo ni mchana mmoja, na mafuta ya taa ya elfu moja yanatosha.

La tatu: "Gari ni langu, starehe ni yangu." Hili ndilo nililokuwa nalo mimi, na sina hoja ndefu dhidi yake. Gari lilikuwa langu. Mkono haukuwa wangu.

Rimu ya nne niliitafuta miezi saba. Katika miezi hiyo Altezza ilitembea na rimu za chuma nilizoazima, na watu waligeuka kweli, kwa kicheko. Mzee wa Temeke alinipigia mara mbili, mara zote tundu zilikuwa nne. Hatimaye niliiona Kinondoni, siku ileile niliyochekwa dukani, umbali wa nyumba chache kutoka kwenye duka lenyewe. Fundi wa matairi alikuwa ameilaza chini, amechomeka bomba katikati yake, na juu ya bomba kuna kibao: PANCHA, UPEPO. Rangi yake ilikuwa ya shaba, si nyeupe. Upana uleule, ofseti ileile, jina lilelile nyuma. Nikamuuliza bei.

"Hiyo? Hiyo siuzi, kaka, inashikilia kibao."

Nikaenda kununua rimu ya chuma, nzito, imara, nikamletea. Tukabadilishana. Akaniona mjinga, na kwa kazi ya kushikilia kibao, kweli alipata iliyo bora. Ni sehemu moja tu ninayoijua ambako rimu inatakiwa iwe nzito.

Sasa nina nyeupe tatu na ya shaba moja, mbele kushoto. Marafiki wananiambia nizipulizie rangi moja, hata nyeusi. Nitafanya nikipata nafasi. Gari linaondoka kama lilivyoondoka siku ya kwanza nililoliendesha, na kwenye matuta ya Temeke halinipigi meno tena. Kwenye buti naweka mizani ya ndoano, ndogo, ya kununulia samaki. Rafiki akiniita nimsindikize kununua rimu naitoa mbele ya muuzaji. Mwanzo walicheka. Wiki iliyopita kijana mmoja pale Kinondoni aliiomba, akapima rimu zote nne alizokuwa nazo nje, akaandika kwa chaki kwenye kila moja. Mbili zilizofanana kwa sura zilitofautiana kwa zaidi ya kilo moja. Hakucheka. Aliziangalia kwa muda, kisha akaingiza ile nzito ndani.

Mdogo wangu ameshaanza kupanda gari tena. Kabla hajafungua mlango huzunguka hadi mbele kushoto, akainama, akapitisha kidole cha mkono wake ule kwenye ukingo wa rimu ya shaba, mzunguko mzima. Hanisemeshi. Mimi namsubiri amalize ndipo niwashe.